Aliyesikiliza Nguzo za Mwami

Kabla hajaitikia salamu yako, ilikuwa lazima amalize kusikiliza nguzo. Unaingia uani, unapiga hodi, unamkuta ameegemeza sikio kwenye mti, jicho moja amelifumba, mkono kauinua kukuzuia usisogee. Ukisema, "Mwakeye, Mama," anakujibu, "Sss!" Basi unasimama. Unajikuta nawe umebana pumzi na hujui unaogopa nini. Mwishowe anagonga ule mti kwa kifundo cha kidole, mara tatu, halafu ndipo anakumbuka kwamba kuna mtu.

"Mwakeye, mwanangu. Huu wa mlangoni unanitia wasiwasi."

Kila siku palikuwa na mmoja wa kumtia wasiwasi. Jana ulikuwa wa mlangoni, leo wa kule ngoma ilipo, kesho utasikia fito za juu zimeanza kunong'ona. Hilo ndilo neno lake, kunong'ona. Alikuwa akisikiliza wadudu wanaotafuna mti kwa ndani, na mimi niliyecheka siku ya kwanza nilipewa nguzo yangu nisikilize, nikasikia kabisa: kr, kr, kr, taratibu, bila haraka yoyote. Sikucheka tena.

Sisi wa ofisini tulimwita Mtunza Nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya nyasi, ikulu ya zamani ya Mwami, chifu wa Buha, kwenye kilima juu ya mji wa Kasulu. Pembeni yake palikuwa na jumba la matofali alilojenga Mwami wa mwisho alipoanza kupenda mambo ya kisasa, na serikali ilipofuta uchifu likageuzwa ghala la mbolea. Ya nyasi haikuwa na matumizi kwa mtu, ndiyo maana ilibaki. Duara kubwa, paa limeshuka karibu kugusa ardhi, ndani giza, ngoma kubwa juu ya uchaga, mikuki, kigoda kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia isipokuwa paka wa huyo mama.

Alizaliwa mwaka gani, kwa nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza. Nilipopelekwa Kasulu mwanzoni mwa miaka ya tisini kuwa karani wa utamaduni wa wilaya, nilimkuta pale na ufagio, na watu waliniambia amekuwepo tangu Mwami yungali hai. Mimi ni mtoto wa Busunzu, Kibondo. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na nilikuwa na bidii ile ya msichana aliyepewa meza, mashine ya taipu na muhuri akadhani nchi inamtegemea yeye.

Niseme mapema, maana linanikaa kooni miaka yote hii. Mimi ndiye niliyefunga mlango wa nyumba ile kwa kufuli. Barua ya kumkataza asiwashe moto ilikuwa na jina langu chini.

Moto huo nieleze ulikuwa nini. Kila asubuhi aliwasha kuni katikati ya nyumba, zikishika anatupia majani mabichi, anatoka, anaegesha mlango. Moshi unajaa, unapanda, unapenya nyasi zote na kutokea juu, na ukiwa sokoni chini mjini unaona kilima kinafuka. Yeye anakaa nje anakohoa, macho mekundu, machozi yanamtiririka, huku akichambua maharage. Ukimpa pole anakasirika. "Pole ya nini? Wape pole wadudu."

Kwake ilikuwa kazi, kama kufua. Nyasi zisizopata moshi huoza na kuliwa. Zilizopakwa masizi mchwa hazigusi. Alishangaa sana kwamba watu wazima wenye vyeti wanahitaji kuelezwa jambo hilo. Lakini kijijini walikuwa na hadithi yao: kwamba moto ule haujazimika tangu Mwami wa kwanza, kwamba ukizimika nchi ya Buha itapata balaa. Wageni wakija, kila mtu anawasimulia hivyo, na yeye amesimama palepale na ufagio, amekunja mdomo.

Siku moja nikamuuliza kama ni kweli. Akaangalia nyuma yake kwanza. Halafu akanivuta mkono hadi kwenye ghala la mbolea.

"Umezimika," akasema. "Tena si mara moja. Mara ya kwanza nilikuwa na homa siku nne, nimelala, sijitambui. Naamka, majivu baridi. Weee! Nilitetemeka mwanangu, nikajua leo jua halitachomoza. Likachomoza. Nikaenda dukani nikanunua kibiriti."

"Kibiriti?"

"Sasa ningewasha kwa nini, kwa maombi?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Usimwambie mtu. Nimeishi na hofu hiyo tangu sina mvi. Wakijua, watasema ndiyo sababu ya kila kitu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuamini ile hadithi hata kidogo, na bado iliweza kumkosesha usingizi. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, rozari yake ameitundika kwenye mkuki wa Mwami kwa sababu, alisema, nyumba nzima haina msumari mwingine. Alikataza watu wasiguse ngoma, wasipige mluzi ndani, wasikanyage kizingiti. Halafu ukienda upande wa nyuma, walikokuwa wakilala wake za Mwami, unakuta magunia yake matatu ya maharage. Nilimwambia, "Mama, hii ni mali ya kale ya taifa." Akasema, "Na haya ni maharage ya mwaka huu. Panya wanaogopa moshi. Nikayaweke wapi?"

Alinipenda, nadhani. Namna yake ya kupenda ilikuwa kuniuliza maswali ya wasiwasi. Umekula? Umekula nini? Muhogo huo ulikuwa mtamu au mchungu? Nani kakuuzia? Mbona unakohoa? Nilimweleza kuhusu nyumbani: baba alikwishafariki, mama analima Busunzu, wadogo zangu wanne wanasoma kwa mshahara wangu. Kesho yake nikakuta amebeba maharage hadi ofisini kwangu, ameyaweka juu ya faili, anamfokea mkuu wangu wa kazi kwamba huyu mtoto mnamkondesha.

Siku nyingine ndipo aliponionyesha mlango wa nyuma. Nilikuwa nachora ramani ya nyumba, nazunguka na futi kamba, naye ananifuata akirekebisha kila ninachosema. Tulipofika nyuma ya magunia ya maharage akasimama. Akasogeza kipande cha ukindu kilichosukwa, nikaona uwazi, mtu mzima anapita akiinama.

"Hapa ndipo tulipokuwa tunapita sisi," akasema. "Wageni wa heshima kwa mbele, wanapigiwa makofi. Chakula, maji, habari za misiba, wakunga, vyote kwa hapa. Kuna mke mmoja wa Mwami alitoka hapa usiku akarudi kwao Burundi, na mimi nilishika ukindu asikwaruze mtoto mgongoni. Asubuhi nikaulizwa, nikasema sijaona."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Usiuweke kwenye ramani yako."

Sikuuweka. Ramani ile mpaka leo ina mlango mmoja.

Halafu wakimbizi wakaanza kumiminika kutoka Burundi, wengi kwa njia ya Mabamba, na kambi zikaota wilayani. Watu hawa walihitaji miti na nyasi kama binadamu yeyote anayelala nje, na Mtunza Nyumba akaingiwa na hofu mpya. Paa la nyumba ile lilihitaji nyasi ndefu kila baada ya misimu michache, na kila alikokwenda kukata alikuta pamefyekwa. Alikuwa akinijia ofisini kanga imelowa umande. "Warundi hawa watatumalizia nyasi! Watafyeka mpaka nywele zetu!" Wanawake wa jirani walikuwa wakichekea viganjani, maana alipokasirika lafudhi yake ilirudi ng'ambo ya mpaka wazi kabisa. Na ukienda kwake jioni ungemkuta mama mmoja mkimbizi na watoto wawili wamekaa jikoni wanakula ugali wake. Nilimkumbusha maneno yake ya asubuhi. "Huyu hajafyeka," akasema. "Huyu nimemuuliza."

Mama huyo mkimbizi ndiye aliyemsaidia kuezeka upya upande wa mvua, maana kwao baba yake alikuwa fundi wa nyumba kama zile. Nawakumbuka wawili hao juu ya paa, wanabishana kwa Kirundi na Kiha kuhusu fundo la kamba, kila mmoja akidai mwenzake atawaua.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka uliofuata ofisi ya juu ilitutaka taarifa za majengo ya kale. Nikasema hapa ndipo nitamsaidia mama huyu. Nitaandika taarifa ambayo haijapata kuandikwa, wampe barua ya ajira, wamletee nyasi. Nikakaa na taipu siku tatu. Ningeweza kuandika jambo dogo la kweli: kila asubuhi mtunzaji hufukiza nyumba kwa moshi ili kuzuia wadudu. Niliona halina uzito. Mtu wa Dar atalisoma atapiga miayo. Basi nikaandika ile hadithi ya kijijini. Nikaandika moto mtakatifu usiozimika tangu enzi za mababu, unaolindwa na mwanamke mmoja shujaa ambaye usiku na mchana hauachi. Neno shujaa nililipigia mstari. Kibiriti nilikuwa nakijua! Nilikijua, nikaandika hivyo hivyo, nikajisomea kwa sauti, nikajiona nimeandika.

Nikamsomea na yeye. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye shujaa alicheka kidogo, akaona haya. Halafu akauliza, "Wadudu je?"

"Hakuna haja ya wadudu, Mama. Hii itawagusa mioyo."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unajua karatasi."

Taarifa iliwagusa kweli. Ndani ya miezi miwili alikuja mtaalamu mmoja na gari, viatu safi, akaingia, akatazama nyasi juu, akatazama majivu chini, akashika kichwa. Moto wa wazi, ndani ya nyumba ya nyasi, usiku na mchana! Nani aliruhusu? Tena moto wa matambiko, kwenye jengo la serikali? Nilijaribu kueleza habari ya wadudu, akanionyesha taarifa yangu mwenyewe. "Hapa hakuna wadudu. Hapa kuna imani." Mtunza Nyumba alikuwa amesimama kando na rozari yake mkononi, anatutazama kwa zamu.

Amri ikaja kwa maandishi. Moto marufuku. Nyumba ifungwe mpaka wataalamu warudi kuikarabati. Na karani wa wilaya, kwa kuwa ndiye anayefahamiana na mhusika, aandike barua ya katazo, aisaini, asimamie. Moto ukionekana tena, huyo karani ndiye atakayejieleza. Nilimsomea na hiyo.

Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mwanamke yule alikuwa akibisha hata bei ya chumvi. Aliingia, akachukua rozari yake kwenye mkuki, akachota makaa kwenye kigae akayapeleka jikoni kwake, akatoa maharage gunia moja moja. Nikamwambia ngoma ibaki, imeorodheshwa. Akaipapasa ikabaki. Nikafunga kufuli. Nilipogeuka nilikuta ameweka sikio kwenye mwimo wa mlango.

"Sasa hivi wamenyamaza," akasema. "Bado wana moshi wa jana."

Nilishuka kilima nalia, lakini nina siri ya kunifariji. Mlango wa nyuma. Mimi nimefunga wa mbele, kama nilivyoagizwa. Yeye ana wa nyuma, ambao haumo kwenye ramani. Mwanamke aliyemtorosha mke wa Mwami atashindwa kujipenyeza na kijinga cha moto? Atawasha kidogo kidogo, nami nitajifanya sioni. Nilikuwa na hakika kwamba naye anafikiri hivyo hivyo, ndiyo maana hakubisha. Nilitamani kumwambia kwa mdomo, "Mama, pita nyuma." Sikusema. Niliogopa. Jina langu lilikuwa chini ya barua.

Wiki mbili baadaye nikahamishiwa Kibondo.

Wataalamu hawakurudi. Nasema hivyo bila hasira. Labda gari lilikosa mafuta, labda aliyeahidi alihamishwa kama mimi. Kila nilipokutana na mtu wa Kasulu nilimuuliza habari za kilima. "Kipo," wananijibu. Kinafuka? "Mh, sijaangalia." Ikinyesha mvua kubwa Kibondo, nahesabu nguzo za Kasulu. Ningeweza kupanda gari nikaenda kuona, si safari ya miaka. Sikwenda mpaka ilipopita mitano, na hata hapo nilitumwa kikazi.

Nilifika mchana, manyunyu yanaanza. Kutoka barabarani niliona kwamba kilima hakifuki, nikaanza kupanda haraka. Kufuli yangu ilikuwepo mlangoni, imeshika kutu, na mlango wenyewe ulikuwepo. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Upande wote wa mbele umekaa chini, nyasi nyeusi zimelala juu ya fito, na nguzo zilizosimama ukizigusa kwa kidole zinatoa unga. Upande wa nyuma ndio uliobaki, kule kwa wake za Mwami, vyumba viwili na kipande cha paa.

Nikamkuta jikoni kwake. Amekuwa mdogo. Yale macho mekundu yalikuwa na ukungu sasa, akanigeuzia sikio badala ya uso. Juu ya mafiga, kwenye uchaga, katikati ya mahindi ya mbegu, ilikuwa ngoma. Ubavu mmoja umetobolewa vitundu vitundu, lakini ipo, imepakwa masizi, inang'aa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?" Kisha sauti ikamfikia. Akanyoosha mkono, akanishika uso wote. "Karani! Mbona umekonda?"

Tulikaa. Akaniambia mambo yote isipokuwa nyumba: yule mama mkimbizi kahamishiwa kambi nyingine, paka amekufa, paroko mpya anahubiri kwa haraka. Ngoma aliitoa siku paa la mbele liliposhuka, akisaidiana na vijana wa jirani, na kila siku alikuwa anangoja polisi wamfuate kwa kuiba mali iliyoorodheshwa. Akisikia gari linapanda kilima, anaifunika kwa kanga. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama. Mlango wa nyuma ulikuwepo."

"Upo mpaka sasa."

"Hukupita?"

Alipangusa mikono kwenye kanga, kama mtu anayetafuta namna ya kumweleza mtoto.

"Mimi nitapita nyuma, mwanangu. Moshi nao utapita wapi? Si juu? Kasulu nzima inauona. Wangekuja wakakuta kufuli iko salama na moto unawaka, wangesema nani kampa ufunguo? Karani. Ulisema wadogo zako wanne." Akainua vidole vinne. "Kila asubuhi nilishika kibiriti. Kila asubuhi nikahesabu hawa, nikakirudisha."

Nilimwambia kwamba nilidhani anawasha. Nilimwambia nilitegemea hivyo, kwamba kule Kibondo nilijituliza kwa mlango huo. Nililia kwa sauti, mtu mzima, jikoni kwa watu. Yeye aliniachia nilie, akachochea kuni.

"Walimaliza?" akauliza. "Shule?"

"Wawili wamemaliza. Wa tatu yuko chuo cha ualimu, wa mwisho bado anasoma."

"Haya." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Una karatasi?"

Nilikuwa nayo.

"Ule upande wa nyuma bado unasikika. Niliusikiliza jana, nguzo sita ni nzima. Andika tena. Omba waturuhusu moto. Ila safari hii usinisifu. Andika wadudu."

Niliandika juu ya goti, mvua inagonga nje. Mistari minne. Moshi unahitajika kila asubuhi ili kuua wadudu wanaokula miti na nyasi. Nikamsomea.

"Basi?"

"Basi, Mama."

"Ilikuwa fupi hivyo," akasema, bila ukali wowote. Halafu akaniinamia. "Chini weka jina langu, si lako. Wakikasirika, mimi sina kazi ya kufukuzwa."

Alisogeza uso karibu na karatasi ahakikishe, na macho yale hayakuwa yakiona maandishi tena. Nikaandika jina langu.